Kidari Hakigawanywi

Njooni na mizani zenu, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii haitaki kusikilizwa tu, inataka kuamuliwa, na atakayesinzia asije akalalamika kwamba hakuulizwa.

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ya Mwalimu Kajiru, kule milimani Upareni, lilikuwa maharage. Mkewe, Namsifu, alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mawe. Mwalimu alikuwa amekuja nyumbani kwa mapumziko mafupi kutoka chuoni, naye alikuwa akimweleza mkewe aliyoyasoma, kama alivyofanya kila aliporudi: kwamba kuna wataalamu wanaosema mtoto hujifunza kwa kutuzwa na kuadhibiwa, na kuna wengine wanaosema hujenga mwenyewe maarifa mapya juu ya yale aliyokwisha kuwa nayo. Namsifu alisikiliza bila kuinua macho. Mwishoni alisema, "Haya, nimekuelewa," akapepeta mara moja, akainuka kwenda kuteleka chungu. Hakufika jikoni. Alianguka uani, maharage yakatawanyika, na kabla gari halijapatikana la kumteremsha hospitali, alikuwa amekwisha kufa. Baadaye daktari alisema ni mshipa uliopasuka kichwani.

Kajiru alikuwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi kabla hajaenda kutafuta shahada. Muda wote alipokuwa chuoni, Namsifu aliibeba nyumba peke yake: migomba, ng'ombe wa maziwa, na binti yao Anaeli, aliyekuwa darasa la pili. Hakuwahi kulalamika, na hilo ndilo lililomsumbua Kajiru baada ya mazishi. Angelalamika, angalau ingejulikana mzigo ule ulikuwa na uzito gani. Siku ya kuanua matanga alimwambia mama mkwe wake kwamba atarudi chuoni kumaliza mwaka wa mwisho. Asipomaliza, alisema, Namsifu atakuwa amebeba bure.

Mama mkwe alimshika Anaeli mkono, akaingia naye ndani.

Kajiru alirudi chuoni, akafanya mitihani, akafeli karatasi moja. Ilikuwa karatasi ya Saikolojia ya Kujifunza. Mtu aliyewafundisha mamia ya watoto kusoma na kuandika alishindwa kueleza binadamu hujifunzaje. Nyingine zote alipita, lakini hiyo moja ilitosha. Chuo kilimpa mtihani wa marudio, ufanyike baada ya majuma sita, na kanuni ilikuwa wazi: akifeli tena, anaondolewa. Wanafunzi huita kudisko, neno lenye muziki kwa jambo lisilo na muziki wowote.

Katika nyumba ya kupanga alimokaa, nje kidogo ya chuo, walikaa pia wanafunzi watatu wa darasa lake, vijana wa umri wa kuwa wanawe. Wote walikuwa wamefaulu, na wote walibaki pale likizo ile kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Tabu Shekiondo alikuwa na kipaji cha kusoma. Hakuwahi kuanza kitabu kwenye ukurasa wa kwanza. Alikizunguka kwanza kama mnunuzi anavyozunguka soko kabla hajafungua pochi: vichwa vya habari, michoro, muhtasari ulio mwisho wa sura. Kisha aligeuza kila kichwa cha habari kuwa swali, ndipo akasoma, akiwinda jibu. Akilipata, anasonga mbele. Kitabu ambacho wenzake walitambaa nacho muhula mzima, yeye aliijua ramani yake kabla juma la kwanza halijaisha.

Gwakisa alikuwa na kipaji cha kuandika machache. Darasani alikaa mikono kifuani, kalamu mezani, hata wahadhiri wakamdhania ana dharau. Kumbe alikuwa anangoja wazo liishe. Likiisha, aliandika mstari mmoja kwa maneno yake mwenyewe. Kila ukurasa wake ulikuwa na mstari wa kusimama: kulia pana kwa maelezo, kushoto pembamba kwa swali ambalo maelezo yale yanalijibu, na chini sentensi mbili za kufunga yote. Asichoweza kukisema kwa maneno yake hakukiandika. Alikwenda kukiuliza.

Leokadia, yeye alikuwa na kipaji cha kujihoji. Alisoma, akafunga kitabu, akajiuliza alichosoma, akajijibu kwa sauti kama mtu anayegombana na ukuta. Kitabu alikifungua tena kwa sababu moja tu, kutazama alichosahau. Baada ya siku mbili alijiuliza tena, na baada ya juma akarudia. Alichokumbuka kwa wepesi alikiacha kipumzike. Kilichomtoroka alikifuata kama mbuzi aliyekata kamba.

Kajiru naye alikuwa na kipaji. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote chuoni pale. Na hapo ndipo kosa lake lilipokaa, kosa ambalo pengine asingeweza kulifanya mtu ambaye hakuishi na chaki mkononi. Maisha yake yote alikuwa amenakili somo ubaoni, watoto wakalinakili kwenye madaftari, na ubao ukifutwa somo likahesabiwa kuwa limefundishwa. Kwa hiyo kusoma kwake kulikuwa kunakili. Alikiandika kitabu cha saikolojia neno kwa neno katika madaftari makubwa ya jalada gumu, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, vikiwa vimepigiwa mstari kwa rula. Alipofeli, alitafakari sana, akaona tatizo ni kwamba hakunakili kwa uangalifu. Akanunua madaftari mapya, akaanza upya.

Gwakisa ndiye aliyemkuta uani akiandika. Alisimama nyuma yake, akatazama kitabu, akatazama daftari, akauliza kama mwenye kitabu anajua kwamba kuna nakala ya pili inayochapwa Upareni.

"Nimefundisha watoto kusoma kabla hujazaliwa, kijana," alisema Kajiru bila kugeuka.

"Ndiyo, mzee wangu. Na sasa umepewa marudio ya somo la jinsi watu wanavyojifunza."

Tabu, aliyekuwa anaanika nguo, alimwambia Gwakisa akaoshe mdomo. Kajiru alikusanya vitu vyake taratibu, akaenda chumbani. Jioni ile hakuonekana. Wale watatu walikaa kwenye baraza bila kutaniana, maana walijua kilichokuwa kwenye mizani: si shahada tu, bali miaka ya mwanamke ambaye hawakumwona hata siku moja. Kajiru alikuwa amewaambia habari ile mara moja tu, kwa sentensi mbili, na hakuirudia.

Tabu alikuja wa kwanza. Kesho yake aliomba kutazama kitabu, akagundua kwamba mwalimu amenakili sura nne, na zilizosalia ni nane. Kwa mwendo ule mtihani ungemkuta katikati ya njia. Akamwonyesha namna yake ya kuzunguka sura kabla ya kuisoma. Kajiru alikataa. Kuanza kitabu mwishoni, alisema, ni kama kuingia nyumba ya watu kwa dirishani. Tabu alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamuuliza kwa upole, "Baba, hiki kitabu unakisoma au unakisindikiza?"

Tabu akafunua sura aliyoinakili mara mbili, akageuza kichwa chake cha habari kuwa swali, akamuuliza. Mwalimu alijua hata rangi ya mstari alioupiga chini ya kichwa kile. Jibu hakuwa nalo. Tangu hapo akakubali kufundishwa. Alijifunza kuuliza kabla ya kusoma, kupita haraka penye mifano mingi ya jambo moja, na kusimama penye jambo jipya. Kabla ya juma la pili kwisha alikuwa amekivuka kitabu chote, hata sura ya mwisho ambayo mhadhiri hakuwahi kuifikia darasani. Wengi waliiruka sura hiyo. Tabu hakumruhusu. Alimwambia sura asiyoifikia mwalimu ndiyo anayoikumbuka mtungaji wa mtihani.

Gwakisa alikuja wa pili, na ndiye aliyekaa siku nyingi kuliko wote. Kwanza alikuja kuomba radhi, na Kajiru akampa mkono. Kisha Gwakisa akayakusanya yale madaftari mazuri, akayafunga kwa kamba, akayaweka chini, akaketi juu yake. "Mzee wangu," alisema, "kuanzia leo hivi ni viti." Akamtaka mwalimu aweke mikono magotini, asome ukurasa, afunge, ndipo aandike.

Mkono wa Kajiru ulitafuta kalamu kama mkono wa mvutaji unavyotafuta sigara. Ukurasa wa kwanza aliandika hadi nusu. Gwakisa akakata kila neno lililokuwa la kitabu. Yakabaki maneno matatu.

"Haya matatu ni yako," alisema. "Mengine mrudishie mwenyewe."

Ilichukua siku nyingi, na mara mbili walikosana, kwa sababu mwalimu akichoka alirudi kunakili kwa siri, na Gwakisa alimjua kwa wino mwekundu vidoleni. Lakini maneno yake mwenyewe yaliongezeka. Siku moja alichora mstari wa kusimama, upande huu akaweka wale wanaosema mtu hujifunza kwa tuzo na adhabu, upande ule wale wanaosema hujenga mwenyewe, na alipofika chini akaandika sentensi mbili zilizowapatanisha. Gwakisa alizisoma, akazisoma tena, akaomba ruhusa ya kuzinakili. Wote wawili walicheka, na lilikuwa cheko la kwanza la Kajiru kusikika katika uani ule.

Leokadia alikuja wa mwisho, na hakuna aliyemwita. Alikuwa amewasikia siku zote hizo kupitia dirishani mwake, akingoja. Wakati huo lilikuwa limebaki juma moja. Tabu alitaka mwalimu asome kitabu tena, Gwakisa alitaka amalizie kurasa zake, na kila mmoja alimwona mwenzake anapoteza muda wa mzee. Leokadia alifika, akachukua kitabu, akachukua na kurasa zote, akavikalia. Akasema, "Nieleze kwa nini mtu husahau."

Kajiru akaanza kueleza, vizuri, kwa sauti yake ya darasani.

"Bado," alisema Leokadia.

Akaanza tena.

"Bado. Umeruka sababu."

Safari ya tatu mwalimu aliinuka, akaenda chumbani, akafunga mlango, na waliokuwa uani wakasikia zipu ya begi. Tabu alimgeukia Leokadia kwa hasira, akamwambia mzee wa watu anafungasha. Gwakisa alikwenda mlangoni, akaita, hakujibiwa.

Ndani, Kajiru alikuwa amekaa kitandani na begi miguuni. Alikuwa amegundua jambo ambalo hakulitaka. Miaka yote aliyokuwa akimweleza Namsifu masomo, Namsifu alimwambia "nimekuelewa", naye akaondoka akiamini kwamba anajua. Hakuwahi kumuuliza ameelewa nini. Pengine alielewa yote. Pengine alikuwa amechoka, akakubali tu kwa kuwa alimpenda aliyekuwa akisema. Sasa hakuna tena wa kuulizwa.

Leokadia alikuja akaketi kwenye kizingiti, mgongo kwenye mlango. Hakubisha. Alimsikia ndani akisema, "Mke wangu kila mara aliniambia amenielewa."

"Mwalimu," alisema, "mkeo alikupenda. Mimi si mkeo. Mimi nataka upite."

Tabu akaona ni afadhali aondoke. Kisha, kutoka nyuma ya mlango, sauti ya Kajiru ikaanza kueleza kwa nini mtu husahau. Leokadia akasema "bado". Sauti ikaanza tena, polepole zaidi, ikagusa sababu moja baada ya nyingine, na safari hii Leokadia hakusema kitu mpaka mwisho. Ndipo aliposema, "Hapo sawa. Keshokutwa nitakuuliza hilihili, ukiwa umeanza kulisahau."

Na ndivyo alivyofanya, kwa hilo na kwa mengine. Hakumhoji jambo likiwa la moto. Alingoja lipoe, ndipo akalidai. Kajiru alimchukia kwa siku kadhaa, kisha akaacha kumchukia, lakini hakuacha kumwogopa.

Siku ya mtihani ikafika. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu, kwa kuwa wenye marudio walikuwa wachache, kila mmoja kaketi mbali na mwenzake kama wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Maswali yalikuwa matatu, yote ya lazima.

La kwanza lilitoka katika sura ya mwisho, ile ambayo mhadhiri hakuifikia. Kajiru alimwona kijana wa mbele yake akishika kichwa. Yeye aliandika.

La pili lilitaka kulinganisha makundi mawili ya wataalamu. Kajiru alifumba macho, akauona ukurasa wake na mstari wa kusimama katikati, huku hawa, huko wale, na sentensi mbili chini. Akaandika.

La tatu liliuliza kwa nini mwanafunzi husahau, na mwalimu afanye nini. Kajiru alilisoma, akatafuta, hakukuta kitu. Si kidogo, hakuna kabisa. Mahali pa majibu palikuwa peupe, na katika weupe ule alichokiona ni uani wa nyumbani kwake na maharage yaliyotawanyika. Akatazama saa ya ukutani. Akaiweka kalamu chini. Akaigeuza karatasi ya maswali kifudifudi, kama Leokadia alivyomzoesha kufunga kitabu, akaanza kujiuliza. Midomo yake ikawa inacheza.

Msimamizi wa mtihani alimwona. Alikuwa mtu mrefu, mwenye viatu visivyo na sauti. Alisimama kando ya meza, akainua karatasi, akatazama chini yake, akamwamuru mwalimu asimame. Akamtaka atoe kila kilichokuwa mifukoni. Wenzake wakageuka kutazama mtu wa makamo, mwenye mvi pembeni, anavyopekuliwa kama mtoto aliyekutwa na embe la jirani. Ilitoka leso, ukatoka ufunguo, ikatoka nauli. Muda ulikuwa unakwenda.

"Unazungumza na nani?" aliuliza msimamizi.

"Najiuliza."

"Jiulize kimya. Nikiona mdomo unacheza tena, karatasi naichukua."

Kajiru aliketi. Akajiuliza bila midomo, akajijibu, akajiambia bado, umeruka sababu. Akajiuliza tena. Ikaja sababu ya kwanza, kwamba jambo lisiloitwa halirudi. Sababu ya kwanza ikavuta ya pili kwa mkono, ya pili ikavuta ya tatu. Aliandika bila kunyanyua kichwa mpaka alipoambiwa aache, na sentensi ya mwisho aliiacha bila nukta.

Majibu yalipobandikwa, Gwakisa ndiye aliyetangulia kuyaona. Alirudi anatembea taratibu, na wenzake walipomwona hivyo wakainuka. Alama ya kupita, ile ya chini kabisa, ndiyo aliyoipata Mwalimu Kajiru. Haikuzidi hata moja. "Mzee wangu," alisema Gwakisa, "hukuwaibia wahadhiri hata alama moja ya ziada."

Kajiru alikaa chini palepale alipokuwa. Tabu alilia. Leokadia aliuliza kama sentensi isiyo na nukta ilihesabiwa.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo mtakapoingia nyinyi.

Katika ukoo wa Kajiru, mtu akitoka salama katika jambo lililotaka kumwangusha, huchinjwa mbuzi. Nyama nyingine hukatwa na kuliwa na kila aliyefika, lakini kidari hubanikwa kizima. Aliyeokoka hukibeba kwa mikono yake, katika sahani ya mti, mpaka mbele ya mtu aliyemwokoa, na huyo ndiye hukikata. Tangu siku hiyo mpokeaji si mgeni tena. Watoto wa nyumba humwita mama au baba, na likitokea jambo zito, ugonjwa, shule, posa, neno lake husikilizwa kabla ya la wajomba. Katika nyumba iliyofiwa na mama, nafasi hiyo ni kubwa kuliko nyama. Na kidari hakigawanywi. Husemwa kwamba kidari cha watu wawili hakijaliwa na mtu.

Mama mkwe alichagua mbuzi mwenyewe. Vijana watatu walialikwa, wakapanda mlimani, wakapewa maji ya kunawa na mbege, pombe ya ndizi, isiyo kali. Anaeli aliwazunguka kwa mbali, akiwatazama mmoja mmoja, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba kuanzia siku hiyo atamwita mmoja wao mama au baba. Kidari kiliwekwa mkononi mwa Kajiru. Alisimama nacho. Alisema kwamba waliomwokoa ni wote watatu.

"Wote si jina la mtu, mwanangu," alisema mama mkwe.

Kajiru akawaomba vijana waseme wenyewe. Mwanzoni walisukumana kwa adabu, kila mmoja akimtaja mwenzake. Lakini adabu haikudumu, maana kila mmoja alikuwa amemtazama yule mtoto.

Tabu alisema yeye alikuja wa kwanza, wakati mzee amekwama sura ya nne. Bila yeye, swali la kwanza lingebaki tupu, na wenzake wasingekuwa na kitu cha kuandika wala cha kuuliza. Mtu haandiki asichokisoma. "Aliyefungua mlango," alisema, "ndiye aliyewaingiza na nyinyi."

Gwakisa alisema kuingia si kukaa. Kusoma bila kuandika kwa maneno yako ni kuteka maji kwa pakacha, njiani unasikia raha ya kuloa, nyumbani huna cha kunywa. Yeye ndiye aliyemvua mwalimu ugonjwa wa kunakili, na alikaa naye siku nyingi kuliko wenziwe wawili wakijumlishwa. Alitania kwamba hata makalio yake yanastahili shukrani kwa kulala juu ya yale madaftari. Hakuna aliyecheka sana.

Leokadia alisema chakula kilicho ghalani hakijamshibisha mtu. Walimjazia ghala, ni kweli, lakini mzee hakuwa na mlango wa kutolea. Siku aliyofunga begi, wao wawili walikuwa wapi? Mmoja aliita mara moja akaondoka, mwingine alikasirika. Na siku ya mtihani, pale palipokuwa peupe, ni kitabu gani kilichomsaidia, ni ukurasa gani?

"Alifunga begi kwa sababu yako," alisema Tabu.

"Na alilifungua kwa sababu yangu," alisema Leokadia.

Kajiru alisikiliza yote. Mikono ilikuwa imeanza kumchoka. Alimwona aliyetangulia, akamwona aliyedumu, akamwona aliyekuja mwisho kwa ukali. Alama ilikuwa ileile ya chini kabisa: ukimtoa Tabu, anafeli, ukimtoa Gwakisa, anafeli, ukimtoa Leokadia, anafeli. Alihesabu tena kama mtu anayetumaini hesabu itabadilika. Kisha alisema hawezi.

Mama mkwe alikichukua kidari, akakipaka chumvi, akakiweka kwenye uchaga juu ya meko. Alisema moshi utakitunza mpaka asubuhi. Kikivuka hapo, alisema, watakuwa wanatunza woga.

Asubuhi Kajiru aliamka kabla ya wageni. Alinawa mikono mpaka viwiko. Alikishusha kidari kutoka kwenye uchaga, akakipangusa majivu, akakiweka kwenye sahani ya mti, akakifunika kwa jani la mgomba. Alipotoka uani, wale watatu walikuwa wamesimama na mabegi yao, kwa kuwa gari la kuwateremsha lilikuwa limekwisha kupiga honi barabarani. Hakuna aliyemsogelea, wala aliyetazama pembeni. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Anaeli alikuja akashika upindo wa shati la baba yake.

Kajiru hakutoa hotuba. Alivuka uani, sahani mbele yake na mtoto ubavuni, akaenda moja kwa moja kwa mmoja wao, akainama, akamwekea sahani mikononi.

Alikuwa nani, sitawaambia, kwa sababu yeye aliamua kwa moyo wake, nanyi mna ya kwenu. Nimewapa aliyekuja wa kwanza, aliyekaa siku nyingi, na aliyebaki mlangoni. Je, sahani ile ingekuwa mikononi mwako na mtoto kakushika shati, wewe ungeinama mbele ya nani?